Nondo Wawili Chini ya Jina Moja

Neno viwavijeshi limekwisha kuwa la kawaida katika vitabu vya kilimo, katika matangazo ya redio na katika vinywa vya wakulima wetu. Lakini tangu mwaka 2016 neno hilo moja limekuwa likibeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni nondo wa Afrika, ambaye wataalamu humwita Spodoptera exempta. Wa pili ni nondo wa bara la Amerika, Spodoptera frugiperda, aliyeivuka bahari ya Atlantiki na kuingia katika mashamba yetu kwa kasi ambayo haikutazamiwa na mtu yeyote. Hawa ni ndugu wa jenasi moja. Wote wawili ni wadogo, wenye rangi za kijivu na hudhurungi, na mtu asiye mtaalamu akionyeshwa mmoja leo na mwingine kesho hatajua kuwa ameonyeshwa wawili. Hata hivyo tabia zao ni mbalimbali kabisa, na mkulima anayemkabili huyu kwa mbinu za yule hupoteza fedha zake, na mara nyingine hupoteza shamba zima.

Ndiyo maana tumeona si vibaya sisi walimu wa lugha tukiingia kwa muda katika shamba la wenzetu wa sayansi. Tunachokitafuta humo ni historia ya jina: limetoka wapi, limefikaje kwetu, na limefanya nini lilipofika.

Tuanze na maneno yenyewe. Nondo ni mdudu arukaye usiku, ndugu yake kipepeo arukaye mchana. (Mwanafunzi wa mjini akisikia neno nondo hufikiri kwanza vyuma vya kujengea nyumba; mwalimu asishangae.) Nondo hali jani hata moja la mahindi. Hunyonya maji matamu ya maua, hupandana, hutaga, kisha hufa, na maisha yake yote yenye mabawa hayazidi majuma machache. Mlaji ni kiwavi, yaani mtoto wa nondo atokaye katika yai, naye hula mfululizo hata anapotosheka, akashuka ardhini, akajifukia na kugeuka pupa. Katika joto la kutosha mzunguko huo wote huchukua kama mwezi mmoja kwa nondo wote wawili.

Nondo wa Afrika ni mwenyeji wa nyasi. Kabla mahindi hayajafika katika bara hili alikuwa akizila nyasi za mbuga pamoja na jamaa zake zilizopandwa na watu, yaani mtama, uwele na ulezi. Mmea wenye majani mapana kwa kawaida haugusi. Wazee wa vijijini hueleza jinsi shamba la mahindi lililochanganywa na maharagwe lilivyoweza kuachwa na vijiti vitupu vya mahindi, na katikati yake maharagwe yamesimama mazima, kana kwamba kuna aliyetoa amri yasiguswe.

Jambo lililowashangaza watu zaidi lilikuwa namna anavyotokea na kutoweka. Mvua za kwanza hunyesha, nyasi huchipuka, mkulima hupanda, na yote huonekana salama. Ghafula, asubuhi moja, ardhi huwa nyeusi kwa viwavi, zaidi ya 1,000 katika mita moja ya mraba, wakienda upande mmoja kutoka shamba hadi shamba. Baada ya siku chache hawapo. Huenda wakapita miaka kadhaa bila kuonekana tena mahali pale pale. Makaburu wa Afrika ya Kusini walimpa jina la kommandowurm, yaani kiwavi wa kikosi cha vita, na baadhi ya Waingereza wakamwita kiwavi wa fumbo, maana hawakujua hukaa wapi wakati asipoonekana.

Sehemu ya kwanza ya fumbo hilo ilifumbuliwa na J. C. Faure wa Afrika ya Kusini, aliyetangaza matokeo ya majaribio yake mwaka 1943. Alionyesha kwamba viwavi wa aina hii wakilelewa mmoja mmoja huwa na rangi ya kijani au ya majani makavu, hukaa chini karibu na mashina, na ni wazito wa mwendo. Wakilelewa wengi pamoja, ndugu hao hao wa mama mmoja hugeuka weusi kama mahameli, wenye mistari ya manjano ubavuni, nao huwa wepesi na hula mchana kweupe. Basi wakati ule wote ambapo mkulima alidhani viwavi wametoweka, walikuwapo katika nyasi, wachache na wa kijani, wasioonekana na mtu. Jambo kama hili lilikuwa limekwisha kujulikana kwa nzige, ambao nao hubadili rangi na tabia wanaposongamana. Sisi tunaona kuwa hapa asili imefanya kitu ambacho hakuna mtunzi wa ngano angethubutu kukibuni: raia wa kawaida na askari ni mtu mmoja, na kinachomvika sare ni msongamano tu.

Sehemu ya pili ya fumbo ilihusu safari. Nondo hawa huruka usiku pamoja na upepo, na katika usiku chache huweza kwenda mamia ya kilomita. Pepo zinapokutana kuleta dhoruba za mvua, nondo waliotawanyika angani hukusanywa pamoja kama makapi yanavyokusanywa na ufagio, kisha huteremshwa mahali pamoja, na hapo hutaga. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, lililokuwa Muguga karibu na Nairobi, walitandaza mitego ya taa katika nchi za jumuiya na kuhesabu nondo walionaswa kila usiku. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa E. S. Brown. Hesabu hizo zilipowekwa pamoja na habari za mvua na pepo, picha ilianza kuonekana. Aghalabu milipuko ya kwanza hutokea Tanzania na Kenya baina ya Novemba na Januari, kisha vizazi vifuatavyo huelekea kaskazini pamoja na mvua, hadi Ethiopia, na pengine huvuka bahari hadi Yemen. Upande wa kusini nao, Malawi, Zambia na Zimbabwe zina milipuko yao.

Mwaka 1969 ikaanzishwa huduma ya utabiri. Kila juma la msimu taarifa ilitoka Muguga ikieleza ni wilaya zipi zitarajie viwavi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, nondo hawakupewa habari hizo, nao waliendelea kuvuka mipaka kama kawaida yao. Kazi ya utabiri wa kimkoa ilibidi ichukuliwe na shirika la kupambana na nzige wa jangwani katika Afrika Mashariki, ambalo lilikuwa limeundwa mwaka 1962. Baadaye mitego ya taa, yenye kuhitaji umeme na kunasa kila aina ya mdudu, ilifuatwa na mitego yenye harufu bandia ya nondo jike, ambayo huwavuta madume wa aina hii peke yao. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika wilaya ya Kilosa nchini Tanzania, wanakijiji wenyewe walikabidhiwa mtego mmoja na kipimo cha mvua: mtu aliyechaguliwa na kijiji huhesabu nondo, hupima mvua, hulinganisha na kanuni alizofundishwa, kisha huwatangazia jirani zake kama kuna hatari au hakuna. Tunaitaja habari hii kwa furaha ya pekee, kwa sababu utabiri huo hutolewa kwa Kiswahili, na mwenye kuutoa ni mkulima.

Sasa tumgeukie wa pili. Nondo wa Amerika aliingia katika vitabu vya sayansi mapema zaidi. Mwaka 1797 Mwingereza James Edward Smith, mwanzilishi wa jumuiya ya Linnaeus ya London, alichapisha kitabu cha vipepeo na nondo wa Georgia, kutokana na michoro na maelezo ya John Abbot, mzaliwa wa London aliyekwenda kuishi Marekani na kutumia maisha yake akichora wadudu na ndege. Humo ndimo lilimotokea jina frugiperda, lililoundwa kwa maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya mazao na kuangamiza. Jina linalosema ukweli wa jambo waziwazi namna hii si la kawaida katika Kilatini cha wadudu.

Nondo huyu ni mtu wa nchi za joto. Baridi ya kipupwe humwua, wala hana uwezo, kama walio nao wadudu wengi wa kaskazini, wa kulala usingizi mrefu hadi baridi ipite. Kwa hiyo katika Marekani hubaki salama kusini kabisa, huko Florida na Texas, na kila mwaka hali ya hewa ikipata joto huanza upya safari ya kwenda kaskazini, kizazi baada ya kizazi, mpaka afike Kanada. Mashamba ya kaskazini humwona mwishoni mwa kiangazi na wakati majani ya miti yanapopukutika, majira ambayo Wamarekani huyaita fall. Hapo ndipo jina lake la Kiingereza lilipotoka, fall armyworm, yaani kiwavijeshi wa majira ya kupukutika. Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno huandika kiwavi wa kuanguka, na kosa hilo tumekwisha kulisahihisha zaidi ya mara moja. Katika miaka mibaya, kama 1899 na 1912, aliwatia Wamarekani hasara kubwa. Mwaka ule wa 1912 alienea katika sehemu kubwa ya nchi iliyo mashariki ya milima ya Rocky, na katika wingi huo aliandamana kweli kama jeshi. Ndipo jina la jeshi likamkaa vizuri, ingawa awali lilikuwa la kiwavi mwingine kabisa wa huko huko Amerika, ambaye wataalamu humwita Mythimna unipuncta.

Lakini je, wakulima wa Mexico na Brazil, ambao wameishi naye muda mrefu kuliko hao wote, humwitaje? Hili ndilo swali lililotufanya tuandike makala haya. Kwa Kihispania jina lake ni gusano cogollero. Cogollo ni moyo wa mmea, pale katikati ya mhindi mchanga ambapo majani mapya huchomoza yakiwa bado yamejikunja. Kwa Kireno cha Brazil huitwa lagarta-do-cartucho, na cartucho ni hapo hapo, kwa kufananishwa na karatasi iliyoviringwa kama pembe ya kutilia karanga. Hakuna jeshi wala majira katika majina haya. Yanamwambia mkulima kitu kimoja tu: fungua moyo wa mhindi, utamkuta humo.

Nako ndiko aliko. Nondo jike hutaga mayai yake kwa mafungu, kila fungu mara nyingi likiwa na mayai 100 hadi 200, na huyafunika kwa manyoya ya mwili wake. Viwavi wakitoka hutawanyika, kila mmoja akitafuta mhindi wake. Wakikutana wawili katika moyo mmoja, mkubwa humla mdogo, hata mara nyingi hubaki mmoja au wawili tu kwa kila mmea. Humo ndani hula majani machanga, na kinyesi chake hukaa juu kama unga wa msumeno; majani yanapokunjuka huonekana yana mistari ya matundu. Mahindi yakizaa, huingia hata katika gunzi. Dalili ya kumtambua, akiisha kukua, ni madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mwisho wa mwili wake. Basi tazama tofauti ilivyo: mmoja ni jeshi liendalo uwanjani mchana, mwingine ni mwizi ajifungiaye chumbani peke yake.

Hapa tunaomba ruhusa ya kupita kando kidogo. Mahindi yenyewe ni mgeni kutoka Amerika. Watu wa Mexico ndio waliolifuga zao hili kutoka katika nyasi za mwituni, yapata miaka 9,000 iliyopita, na Wareno wakawa miongoni mwa waliolileta Afrika katika karne ya 16. Sisi Waswahili tukaliita muhindi, kana kwamba limetoka Bara Hindi. Waitaliano nao wakaliita granturco, nafaka ya Kituruki. Kila taifa lilikitaja kile kilichokuja kwa merikebu kwa jina la nchi ya mbali waliyoijua. Kwa hiyo mahindi yaliishi Afrika karne nyingi bila adui wake wa nyumbani. Yalikutana na adui wapya, akiwamo nondo wetu wa nyasi na funza watoboao mabua, lakini huyu aliyekua pamoja nayo tangu mwanzo alibaki ng'ambo ya bahari.

Alifika mwanzoni mwa mwaka 2016. Taarifa za kwanza zilitoka Nigeria, Benin, Togo na visiwa vya São Tomé na Príncipe. Urithi wa miili yao, ulipochunguzwa, ulifanana na wa nondo wa Florida na wa visiwa vya Karibi. Kabla mwaka haujaisha walikuwa Zambia, na serikali ya huko ikatumia ndege za jeshi la anga kusafirisha dawa. Mwaka 1997 mtu angesema habari hizi ni mzaha. Mwaka 2017 zilikuwa zimekwisha kufika Malawi, Zimbabwe, Afrika ya Kusini, Kongo, Uganda, Kenya, Tanzania, Burundi na hapa kwetu Rwanda. Katika mwezi wa Septemba mwaka huo wataalamu wa shirika la CABI walikadiria kwamba katika nchi 12 tu zilimazo mahindi kwa wingi, hasara bila kinga yoyote ingeweza kuwa baina ya tani milioni 8.3 na milioni 20.6 kwa mwaka. Tukumbuke kwamba tani hizi zingekuwa ugali.

Hapa Rwanda askari wa jeshi la taifa walitumwa mashambani kusaidiana na wakulima kuwaokota viwavi kwa mikono na kupiga dawa. Mwaka huo huo wa 2017 bunge letu lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya nchi, na walimu wa somo letu waliokuwa wakitafuta mifano hai ya tafsiri hawakuhitaji kwenda mbali.

Maana jina nalo lilibidi lipatikane haraka. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki mgeni huyu alipokelewa kwa mlango wa Kiingereza. Kwa Kiingereza ni armyworm. Armyworm kwa Kiswahili tunalo, ni kiwavijeshi. Basi na huyu awe kiwavijeshi. Ilipoonekana kuwa mkanganyiko umezidi, Tanzania ikaongeza sifa, ikawa viwavijeshi vamizi. Sifa hiyo haikutupendeza sana. Kwanza, sarufi inadai upatanisho: husemwa watu wavamizi, na kiwavi akiwa mdudu mwenye uhai ni haki yake naye kuitwa mvamizi. Pili, na hili ndilo kubwa, inamweleza mkulima historia ya mdudu badala ya kumweleza mahali alipo. Kwa miezi mingi mkulima aliyesikia redioni kwamba viwavijeshi wameingia wilayani alitoka nje kuangalia kama kuna kundi jeusi linakuja barabarani, kama alivyoliona utotoni. Hakuliona, akarudi ndani akiwa ametulia. Wakati huo adui alikuwa katika shamba lake, mmoja mmoja, amejifungia katika mioyo ya mahindi.

Wanyarwanda walikwenda njia nyingine. Katika Kinyarwanda mdudu mpya aliitwa nkongwa idasanzwe. Nkongwa ni yule funza wa siku zote atoboaye mabua ya mahindi. Idasanzwe maana yake ni isiyo ya kawaida. Kwa hiyo jina hili lamwambia mkulima: ni kama yule unayemjua, anayekaa ndani ya mmea, ila huyu si wa kawaida. Kwa elimu ya wadudu jina hili si sahihi, maana nkongwa ya kawaida si ndugu yake wa karibu, hali kiwavijeshi wa Afrika ni ndugu yake hasa. Lakini kwa elimu ya shamba jina hili ni sahihi kuliko yote, kwa kuwa linampeleka mtu pale pale anapopaswa kutazama. Hatujui kama waliolitoa walikuwa na habari za Mexico na Brazil. Tunaamini waliangalia mhindi tu.

Wapo watakaosema kwamba tunazidisha umuhimu wa jina. Tuwakumbushe yaliyotokea Liberia. Mwezi wa Januari mwaka 2009 viwavi kwa mamilioni walivamia vijiji vya nchi hiyo, wakachafua visima na vijito kwa vinyesi vyao, wakawafukuza watu majumbani. Ilitangazwa kwamba ni viwavijeshi, na Rais Ellen Johnson Sirleaf akatangaza hali ya hatari. Jina hilo likatembea duniani kwa siku chache. Wadudu hao walipochunguzwa, ilionekana kuwa wala si Spodoptera. Walikuwa Achaea catocaloides, nondo wa msituni ambaye viwavi wake hula majani ya miti mikubwa. Mtu aliyejiandaa kulinda mpunga na mahindi alikuwa amejiandaa kwa vita visivyokuwapo, hali miti iliyokuwa ikiwalea viwavi ilikuwa juu ya kichwa chake.

Kwa nondo wetu wawili tofauti ya jina huishia katika tofauti ya kinga. Dhidi ya yule wa Afrika, habari za mapema ndizo zenye thamani: mitego, mvua, upepo, na jirani wa nchi ya pili anayekuambia kilichopita kwake juma lililotangulia. Viwavi wakiwahiwa wangali wadogo, uwanjani mlimo wazi, dawa huwafikia. Na hata bila mkono wa mtu mara nyingi huangamizwa na ugonjwa wa virusi vyao wenyewe, ambavyo watafiti nchini Tanzania wamejaribu kuvitumia kama dawa. Dhidi ya yule wa Amerika, redio haifui dafu. Amekwisha kuwa mwenyeji. Katika sehemu kubwa ya Marekani kipupwe humfagia kila mwaka. Kwetu hakuna kipupwe, na penye mvua mbili au umwagiliaji hupata mahindi karibu mwaka mzima, na yakikosekana ana mimea mingine, kwa kuwa wataalamu wameorodhesha zaidi ya aina 350 anazoweza kula. Hivyo msafiri wa Amerika amekuwa mkaazi Afrika, hali mwenyeji wa Afrika ameendelea kuwa msafiri.

Dawa ikimwagwa juu ya majani mchana, yeye yumo ndani, na mlango wake umezibwa kwa kinyesi chake mwenyewe. Mkulima anayeona dawa haifanyi kazi huongeza kipimo, tena mara nyingi bila glavu wala kitambaa cha kuziba pua. Huko Puerto Rico, mwaka 2006, viwavi hawa walikuwa wamekwisha kuonekana kustahimili hata mahindi yaliyotengenezwa na maabara ili yawaue. Kwa hiyo kinga iliyo ya kuaminika zaidi imebaki ile ya kizamani: kupita shambani kila juma tangu mahindi yana majani machache, kufungua mioyo, kuponda mayai, kutia mchanga au majivu palipo na kiwavi, na kuwaachia nyigu wadogo na sisimizi kazi wanayoijua. Kuna pia kilimo cha sukuma-vuta kilichobuniwa katika miaka ya 1990 na watafiti wa icipe ya Nairobi pamoja na wenzao wa Uingereza, kwa ajili ya funza wa mabua. Hupandwa katikati ya mahindi mmea wa desmodiamu, ambao harufu yake huwafukuza nondo, na pembezoni hupandwa majani ya mifugo ambayo huwavuta. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba katika mashamba ya namna hiyo ya Kenya, Uganda na Tanzania idadi ya viwavi wa Amerika kwa kila mmea ilipungua kwa asilimia 82.7. Mbinu iliyobuniwa kwa ajili ya nkongwa ya kawaida imefaa pia kwa nkongwa isiyo ya kawaida. Waliotoa jina lile la Kinyarwanda wana haki ya kutabasamu.

Katika madarasa yetu tumeanza kutumia kiwavi wa moyo wa mhindi kwa yule wa Amerika, na tumemwachia yule wa Afrika jina la kiwavijeshi, ambalo alilistahili tangu zamani. Hatudai kuwa wizara au mabaraza ya lugha yatalikubali. Jina lililokwisha kuchapishwa katika vipeperushi vingi haliondoki kwa makala moja. Lakini wanafunzi wanaotoka katika nyumba za wakulima walilielewa mara moja bila maelezo, na mmoja aliuliza mbona halikutolewa mapema.

Nondo wa Amerika hakusimama Afrika. Mwaka 2018 alikuwa India, mwaka 2019 China, na mwanzoni mwa mwaka 2020 alifika Australia. Huko alimkuta yule ndugu yake wa Afrika, kwa maana nondo yule naye anapatikana upande huo wa dunia tangu zamani. Waaustralia, ambao wana viwavi wengine kadhaa wa ukoo huu walao usiku, walikuwa wamemwangalia yule mweusi akila jua likiwaka, wakamwita kiwavijeshi alaye mchana.